Pikapu Mpya na Mwanya wa Mlango: Je, Kasoro Iliyonyooshwa Bado Isemwe?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.



Tunaposoma mlango wa biashara katika fiqhi, mifano tunayokutana nayo ni ya ngamia, tende, nafaka na vitambaa. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba kwa kuwa mifano ni ya zamani, basi na hukumu zake zimebaki huko huko. Makala hii inachukua hukumu moja, nayo ni hukumu ya kasoro katika bidhaa, na kuipeleka gereji. Swali ni hili: bidhaa mpya ikikutwa na kasoro, kisha kasoro ikarekebishwa kabla mnunuzi hajaiona, je, muuzaji analazimika kumwambia?

Suala lenyewe

Tuseme mfanyabiashara ameagiza pikapu mpya ya milango minne. Imeshushwa bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwetu huku bara. Inapooshwa ili iwekwe mbele ya wateja, kijana anayeiosha anaona boneti imeinuka kidogo upande wa kushoto. Mwanya kati ya mlango wa mbele na madigadi ni mpana chini, mwembamba juu. Mlango wa nyuma haufungi mpaka usukumwe mara mbili. Waswahili tunausifu mwanya ukiwa wa meno, lakini mwanya wa namna hii hausifiwi na mtu. Mwenye mali anamwita fundi wa bodi. Kazi inachukua nusu siku, na jioni gari limenyooka, linameta.

Siku ya pili wanakuja wanunuzi: viongozi wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambao wanachama wao wamechangishana kwa misimu kadhaa. Wanalizunguka gari, wanafungua milango na kuifunga, wanaridhika. Wanalipa bei ya gari jipya. Hakuna aliyewaambia lolote kuhusu fundi wa jana.

Ukiwauliza wanafunzi wenzetu, utapata majibu ya namna mbili. Wa kwanza watasema: kasoro imeondoka, na kitu kisichokuwapo hakina hukumu, basi hakuna cha kusema. Wa pili watasema: Muislamu hafichi, basi aseme kila kitu, hata bolti iliyokazwa. Naona jibu la kwanza linapita haraka mno, na la pili linasema kweli lakini halituonyeshi mpaka uko wapi. Ili tuufikie mpaka huo, inabidi kwanza tujue fundi alifanya nini hasa.

Kazi ya fundi

Bodi ya gari ni vipande vingi vya bati vilivyopigwa chapa kwenye mashine, vikaunganishwa. Kila kipande kina tofauti ndogo inayoruhusiwa, na tofauti hizo zikijumlishana upande mmoja, mwanya wa mwisho unakosea. Kwa sababu hiyo wanaotengeneza magari huacha nafasi ya kurekebisha. Matundu ya bolti za bawaba huwa makubwa kuliko bolti au marefu kidogo, ili mlango na boneti viweze kusogezwa. Chini ya boneti kuna vipira vya kuzungusha juu na chini ili boneti ilingane na madigadi. Kwenye nguzo ya mlango kuna chuma kinachopokea kitasa, nacho husogezwa ndani, nje, juu na chini. Mianya ya kawaida katika magari mengi ni ya milimita 3 hadi 5 hivi, na jicho la mtu linaona upesi pale mwanya unapoanza na milimita 3 na kumalizia na 7.

Fundi mzuri ana utaratibu. Anabandika mkanda wa karatasi kwenye kingo ili rangi isichunike. Anachora alama kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza chochote, ili akipotea aweze kurudi alikoanzia. Halegezi bolti zote kwa pamoja. Anaanza na kisichosogea: mlango wa nyuma unapangwa kufuata kabini, mlango wa mbele unafuata wa nyuma, madigadi inafuata mlango, na boneti inakuja mwisho kati ya madigadi mbili. Anayeanza na boneti kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi atakuja kuirudia kazi yote.

Katika pikapu kuna jambo la ziada. Kabini na bodi ya mizigo ni vitu viwili, kila kimoja kimefungwa peke yake juu ya chesisi. Mwanya ulio kati yao umewekwa kwa makusudi, maana chesisi hujipinda kidogo gari linapopita kwenye mashimo, na bila mwanya huo vitu hivyo viwili vingegongana. Kwa hiyo mwanya huo ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au bodi ikiwa imeelekea upande mmoja, huenda bolti za bodi hazikukaa sawa tu. Lakini pia huenda chesisi yenyewe imepinda. Kwa macho, mambo haya mawili yanaweza kufanana kabisa. Kinachoyatofautisha ni kupima chesisi kutoka pembe hadi pembe na kulinganisha vipimo.

Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Kuna fundi anayelegeza, akasogeza ndani ya nafasi iliyoachwa kiwandani, akakaza. Huyo amemalizia kazi ya kiwanda. Na kuna fundi anayekuta nafasi hiyo haitoshi, akaweka gogo la mbao kwenye kona ya mlango na kuupinda kwa nguvu. Akachonga tundu la bolti. Akajaza bonde kwa lipu laini na kupuliza rangi juu yake. Huyu wa pili ameunyoosha mwanya, lakini kilichoupinda mwanya hakukigusa. Wote wawili wanakabidhi gari lenye mistari iliyonyooka, na mnunuzi aliyesimama mbele yake hawezi kujua ni mkono upi uliopita hapo.

Fiqhi inasemaje

Hadithi tunayoifahamu wote ni ile aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatoa onyo kali kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Tukumbuke kwamba yule mtu hakuiteremsha mvua. Kasoro haikuwa kosa lake, kama ambavyo mwanya wa mlango si kosa la mfanyabiashara wetu. Alichoulizwa ni kuhusu mpangilio: kwa nini kikavu kiko juu na chepesi kuonekana, na kilicholowa kiko chini.

Hadithi ya pili ni ya mnyama wa maziwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi chuchu asikamuliwe siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua kwa kudanganyika hivyo ana hiari: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Hapa hakuna neno la uongo lililotamkwa. Kiwele ni cha kweli na maziwa ni ya kweli. Lakini tendo limesema uongo ambao ulimi haukuusema.

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu Afrika Mashariki, waliliendeleza jambo hili kwa makini. Imamu Nawawi katika Minhaj anataja, pamoja na mnyama wa maziwa, mtu anayezuia maji ya mfereji au ya kinu kisha kuyaachia wakati wa kuuza, ili mnunuzi aone maji yana nguvu kuliko desturi yake. Mnunuzi huyo naye ana hiari ya kurudisha. Kisha anataja mfano unaokwenda kinyume: mtumwa aliyepakwa wino nguoni ili adhaniwe ni mwandishi. Kwa kauli sahihi zaidi, mnunuzi wa huyu hana hiari, kwa sababu wino nguoni ni dalili dhaifu, na angeweza kumpa kalamu amjaribu. Mifano hii inatufunza kwamba fiqhi haimchukulii mnunuzi kama mtoto mchanga. Inamtaka afungue macho. Lakini pale ambapo hata macho yaliyofunguliwa hayawezi kuona, inasimama upande wake.

Na kasoro ni nini? Wanachuoni hawakuiacha kwa hisia za kila mtu. Kwa ufupi wanatutaka tuulize mambo matatu: je, kitu chenyewe au thamani yake imepungua? Je, upungufu huo unamkosesha mnunuzi lengo linalokubalika? Na je, bidhaa ya aina hiyo kwa kawaida huwa imesalimika nao? Pia wanasema kwamba kasoro ikiondoka kabla ya kurudishwa, haki ya kurudisha nayo inaondoka. Hapa ndipo wenzetu wa jibu la kwanza wanapojishika, na kanuni wanayoishika ni ya kweli.

Tatizo ni kwamba wanadhani kasoro ilikuwa mwanya. Mwanya ni kile kilichoonekana. Kilichopunguza thamani kinaweza kuwa mwanya wenyewe, na kinaweza kuwa kilichousababisha. Ikiwa sababu ni bolti iliyokaa vibaya kiwandani, basi kuirekebisha ni kuiondoa kasoro kweli, na gari hilo ni zima kama mengine. Lakini ikiwa gari liligongwa njiani, au liliangushiwa kitu bandarini, au chesisi imepinda, basi kuunyoosha mwanya ni kukipanga kikavu juu ya kilicholowa. Kasoro ipo, na dalili yake ndiyo iliyoondolewa. Mnunuzi sasa yuko katika hali mbaya kuliko kabla fundi hajaja, maana ule mwanya ulikuwa shahidi wake, na shahidi ameondolewa.

Kuna hali ya tatu, nayo naiona ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi: mfanyabiashara hajui sababu. Hakupima chesisi, hakumuuliza dereva aliyelileta, aliuona mwanya na kuita fundi. Huyu hawezi kusema kasoro imeondoka, kwa sababu hajui ilikuwa nini. Anachojua ni mambo mawili tu: nilikikuta hivi, nikakifanya hivi. Basi hayo mawili ndiyo anayodaiwa kuyasema. Na akiyasema, amemrudishia mnunuzi uwezo wa kuuliza na kupima mwenyewe.

Katika Sahihi mbili imepokewa kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka itafutwa. Tazameni, kusema kweli kumetajwa peke yake, na kubainisha kumetajwa peke yake. Mtu anaweza kusema kweli tupu na bado hajabainisha. Anayesema "gari hili ni jipya, halijatumika" amesema kweli. Bado kubainisha.

Fundi naye je?

Mara nyingi mjadala huu unaishia kwa muuzaji. Fundi anasema: mimi ni kibarua, nimelipwa ninyooshe, nimenyoosha, mengine wataulizana wenyewe. Ukienda Kisekka mjini Kampala au Buyenzi mjini Bujumbura, vijana wengi wanaoishi kwa spana na jeki ni ndugu zetu Waislamu, na baadhi yetu tumesomeshwa kwa mikono hiyo. Suala lao si dogo.

Imamu Ghazali katika Ihya anasimulia kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.). Mtu mmoja aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa amesimama pale, akaghafilika, na alipozinduka mnunuzi alikuwa ameshaondoka na ngamia. Akamkimbilia huku akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au kwa kumpanda? Akajibu, kwa kumpanda. Wathila akamweleza kuwa kwato la ngamia yule lina tundu alilokuwa ameliona, na hataweza mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kumpunguzia dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara. Wathila akamjibu kuwa walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu, na kwamba alimsikia akisema si halali kuuza kitu bila kueleza kilicho ndani yake, wala si halali kwa anayekijua kunyamaza.

Wathila hakuwa muuzaji, wala dalali, wala hakulipwa chochote. Alikuwa mpita njia mwenye habari. Ikiwa mpita njia anakimbia nyuma ya ngamia, vipi kuhusu fundi ambaye mkono wake ndio uliolifunika tundu? Na angalieni swali aliloanza nalo: nyama au kupanda? Hakusema ngamia ni mbovu. Kwa mchinjaji, tundu la kwato si kitu. Alitaka kwanza kujua mnunuzi anakusudia nini, kisha akapima kama kasoro ile inagusa kusudio lake. Wakulima wa kahawa watapakia magunia na kupanda milima kwenye barabara za udongo. Kwao habari ya chesisi ni habari ya kwato.

Sisemi kwamba fundi aende kusimama getini na kumpigia kelele kila mteja. Lakini kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Anaweza kumwambia mwenye gari, kabla ya kushika spana, kwamba kazi ya kurekebisha ndani ya nafasi ya kiwanda ataifanya, na kupinda na kujaza lipu ili gari liuzwe kama jipya hataifanya. Anaweza kuandika kwenye risiti alichokifanya. Na akiulizwa na mnunuzi, asiseme uongo. Qur'ani katika Suratul Maida imetuamrisha kusaidiana katika wema na imetukataza kusaidiana katika dhambi, na ujira haubadilishi jina la kitu ambacho umesaidia.

Hoja za wanaonyamaza

Tuwe waadilifu, tuwasikilize na wao. Hoja ya kwanza: nikisema, nitauza kwa hasara wakati jirani yangu asiyesema anauza kwa faida. Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajawahi kudaiwa kodi ya duka. Lakini tuone inakiri nini. Inakiri kwamba bei ya gari lililosemwa ni ndogo kuliko ya lisilosemwa. Tofauti hiyo ndiyo thamani iliyopungua, na kupungua kwa thamani ndiko fiqhi ilikokuita kasoro. Kwa hiyo anayesema "nikieleza bei itashuka" ameshajibu mwenyewe kama kuna cha kuelezwa au hakuna. Zile fedha za ziada hazikuwa zake. Zilikuwa mifukoni mwa wakulima.

Hoja ya pili: Uislamu unatufundisha kusitiri aibu. Kwa lugha yetu hoja hii inavutia, maana neno letu "aibu" na neno la Kiarabu la kasoro ya bidhaa lina asili moja. Huenda ndiyo sababu muuzaji anaona haya kutaja kasoro ya gari, kana kwamba ni yake yeye. Lakini sitara tuliyohimizwa ni ya mja aliyeteleza, ambaye kumfichua hakumfaidii mtu. Kasoro ya bidhaa haina heshima ya kulindwa. Ukiisitiri, unayemvua nguo ni mnunuzi.

Hoja ya tatu: namwambia anunue kama ilivyo, akikubali nimetoka. Hili nalo lina historia. Imamu Malik katika Muwatta anasimulia kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakapelekana kwa Uthman bin Affan (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiujua ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, naye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Katika madhehebu ya Shafi'i, sharti hilo halimwokoi muuzaji ila kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Maneno "kama ilivyo" yanamfaa asiyejua. Anayejua hayamfai kitu.

Wathila wa zama zetu

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya gereji za vichochoroni tu. Mwaka 2023 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kukabidhi pikapu yake ya Cybertruck, yenye bodi ya chuma cha pua, isiyopakwa rangi, yenye mistari iliyonyooka kama rula. Bodi ya namna hiyo haisamehe: kosa dogo linaonekana kutoka mbali. Miezi michache kabla ya hapo, mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, aliwaandikia wafanyakazi kwamba vipande vitengenezwe kwa usahihi wa chini ya maikroni 10, kiasi ambacho unywele mmoja wa mtu ni mnene kuliko hicho. Machi 2025 kampuni ikatangaza kuyaita magari zaidi ya 46,000, kwa sababu kipande cha chuma kilicho kandokando ya kioo cha mbele kiliweza kubanduka gari likiwa barabarani. Kilikuwa kimeshikiliwa kwa gundi, na gundi ilikuwa inadhoofika. Wenye magari waliahidiwa kubadilishiwa kipande hicho bila malipo.

Mtu anaweza kucheka umbali ulio kati ya maikroni 10 na kipande kinachobanduka. Mimi naona jambo jingine la kutazama. Sheria ya nchi ile inamlazimisha mtengenezaji, baada ya kuuza na kupokea fedha, kumfuata mnunuzi na kumwambia: ulichonunua kwangu kina kasoro, kilete. Huko ni kumkimbilia mwenye ngamia. Wathila (r.a.) alikimbia bila sheria ya kumsukuma, kwa ahadi aliyompa Mtume wake. Itakuwa ajabu ikiwa wale wasiosoma kisa chake wamekifanya kuwa utaratibu wa nchi, na sisi tunaokisoma darasani tumekifanya kuwa swali la mtihani.

Kipimo cha kubeba mfukoni

Msomaji anaweza kuniambia: umenipa hali tatu na vitabu vinne, nipe kipimo ninachoweza kukitumia nikiwa dukani. Kipo, na si changu. Muslim amepokea kutoka kwa Nawwas bin Sam'an (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliieleza dhambi kuwa ni kile kinachokukereketa moyoni na unachochukia watu wakione. Basi wewe muuzaji jiulize: je, ningemwalika mnunuzi aje aketi kwenye kiti pale gereji, aangalie fundi anachofanya tangu mwanzo hadi mwisho? Ikiwa jibu ni ndiyo, bila kigugumizi, huenda hiyo ni kazi ya kumalizia tu, na hata usipoieleza hujamdhulumu mtu, ingawa kueleza ni bora na ni ihsani. Ikiwa moyo unasita, basi unachosita nacho ndicho unachopaswa kukisema.

Na wewe mnunuzi, usiwe yule aliyedanganywa na wino wa nguo. Wengi wetu tukihitimu tutafanya kazi kwenye mashirika, shule na misikiti, na tutatumwa kununua vitu kwa fedha za watu. Hiyo ni amana. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti za bawaba: katika magari mengi mapya rangi yake haijavunjika, na ikivunjika ujue spana imepita. Hilo peke yake si ushahidi wa uovu, lakini ni sababu ya kuuliza. Pitisha kidole kwenye mianya pande zote mbili, linganisha kushoto na kulia. Omba kifaa cha kupimia unene wa rangi, maana rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa karibu maikroni 100 hadi 150, na sehemu iliyopakwa upya huzidi hapo. Tazama mwanya wa kabini na bodi ukiwa umesimama nyuma kidogo. Na kubwa kuliko yote, uliza kwa ulimi: limewahi kurekebishwa? Ukiuliza, unamfungulia muuzaji mlango wa kusema kweli, na wapo wengi ambao wangesema laiti wangeulizwa. Ukigundua kasoro baada ya kununua, usikae nayo miezi ukilitumia gari, maana kwa Shafi'i haki ya kurudisha kwa kasoro hudaiwa mara moja.

Katika Suratul Mulk, Mwenyezi Mungu anatualika tuzitazame mbingu alizoziumba, turudie kutazama tena na tena, tutafute kama tutaona ufa wowote, na anatueleza kwamba jicho litarudi limechoka bila kuona. Mwaliko wa kukagua ameutoa Yeye mwenyewe. Kazi ya mwanadamu haitafika huko. Bati lake litapinda na gundi yake itaachia. Hakuna anayemdai fundi wala mfanyabiashara asiwe na mwanya. Tunachowadai, na tunachodaiwa na sisi, ni kwamba jicho la mnunuzi lisizuiwe kuuona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mafundi wetu, azitakase biashara za wazazi wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema kweli na kubainisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.